Huwezi Kusonga Ugali Sufuria Mbili

Mwandishi anayejitegemea huwa na riwaya mezani, mchezo wa shule mkobani na tafsiri ya watu inayomngoja. Ashike ipi, aache ipi, na nyumbani wale nini kabla hajamaliza?

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Msomaji, lau methali hii ingekuwa kweli kila siku, basi waandishi wengi wanaojitegemea katika jiji hili wangekuwa wamekwisha kuponyokwa na kila kitu, wakabaki na kalamu na deni la duka.

Mwandishi anayejitegemea ni nani? Ni yule asiyekuwa na mshahara wa kutunga vitabu, wala shirika la uchapishaji linaloungoja mswada wake. Akimaliza kuandika, humtafuta mhariri kwa pesa zake mwenyewe. Humlipa mchoraji wa jalada, hupatana bei na mpiga chapa wa River Road au Kirinyaga Road, kisha hubeba vitabu mkobani na kuviuza kimoja kimoja shuleni, kanisani, harusini na kwa simu. Yeye ndiye mwandishi, tarishi, mhasibu na mchuuzi.

Kwa vile riwaya haiwezi kulipa kodi ya nyumba kabla haijakamilika, mtu huyu hulazimika kutafuta kazi nyingine za kalamu. Ataiandikia shule mchezo wa tamasha za drama. Atatunga mwongozo wa kitabu kinachotahiniwa. Atatafsiri kijitabu cha afya cha shirika fulani. Na jirani akifiwa, atagongewa mlango usiku aandike wasifu wa marehemu, kazi ambayo aghalabu hailipwi ila kwa shukrani na kikombe cha chai.

Kwa hivyo swali si kama ashike kazi moja au nyingi. Tumbo limekwisha kulijibu hilo. Swali ni namna ya kuzishika ili zote zifike mwisho. Hapo ndipo wengi wetu huteleza, na mimi ninayekuandikia haya ni mmoja wao.

Nilivyounguza vyote

Nje ya kazi ya gazeti, mimi pia hutunga vitabu. Miaka michache iliyopita niliuanza mwezi wa Januari nikiwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa riwaya yangu mwenyewe, iliyokuwa imefika nusu. Ya pili ilikuwa mchezo wa kuigiza ulioagizwa na shule moja ya upili nje ya Nairobi. Ya tatu ilikuwa mwongozo wa wanafunzi, niliokuwa nimeahidi kuupeleka kwa mchapishaji mmoja mdogo kabla ya mwisho wa Machi. Kazi mbili za mwisho zilikuwa zimelipiwa nusu, na ile nusu ya pili nilikuwa nimekwisha kuipangia: karo ya muhula wa pili ya kifungua mimba wetu.

Mpango wangu ulionekana mzuri sana kwenye karatasi. Alfajiri ningeandika riwaya. Saa ya chakula cha mchana ningeandika mchezo. Usiku, watoto wakishalala, ningeshika mwongozo. Nilijiona hodari. Hata marafiki niliwaambia.

Katikati ya Februari nikapigiwa simu na mwalimu aliyekuwa akiwafunza wanafunzi ule mchezo.

"Madam," akasema kwa upole, "huyu Zawadi ni nani? Ameingia ukurasa wa kumi na mbili akilia, lakini hayumo katika orodha ya wahusika."

Msomaji, Zawadi alikuwa mhusika wa riwaya yangu. Alikuwa ameuhama mswada wake na kuingia katika mchezo wa watu bila mimi kujua.

Nilicheka siku hiyo, ila kicheko hakikudumu. Mchezo uliosahihishwa ulifika shuleni zikiwa zimebaki siku tisa mashindano yaanze. Wanafunzi hawakuwahi kuyashika maneno barabara, wakashindwa ngazi ya kwanza kabisa. Nusu ya pili ya malipo sikuipata, na kusema kweli sikuwa na uso wa kuidai. Mwongozo nao niliufikisha mwezi wa Mei, shule zikiwa zimekwisha kununua miongozo mingine. Mchapishaji aliupokea, akauweka kando, na huko kando ndiko uliko hadi leo. Riwaya ilikuwa pale pale nusu.

Karo ikafika. Baba watoto hakunilaumu hata kwa neno moja. Alikwenda kwenye chama chake akakopa, akarudi na stakabadhi ya benki akaiweka juu ya meza, karibu na karatasi zangu. Ukimya ule ulinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kushika kazi tatu. Niliapa kwamba sitashika tena zaidi ya moja. Lakini nilipoanza kusoma maisha ya waandishi waliotutangulia, niligundua kwamba wengi wao walishika kazi mbili, tatu hata nne kwa pamoja. Wengine ziliwavunja. Wengine ziliwaokoa. Hebu tuwatazame watatu kati yao.

Kijana aliyeahidi kupita kiasi

Wa kwanza ni Charles Dickens wa Uingereza. Mwezi wa Aprili 1836 alianza kutoa hadithi ya The Pickwick Papers kwa sehemu, kila mwezi sehemu moja. Kabla haijaisha, Januari 1837, alianza kazi ya kuhariri jarida jipya la mchapishaji mwingine, na mwezi uliofuata akaanza kuchapisha humo Oliver Twist, nayo pia kwa sehemu za kila mwezi. Alikuwa na umri wa miaka 25, mke, na mtoto mchanga.

Hivyo basi, kuanzia Februari hadi Novemba 1837, kijana huyu alikuwa akiandika riwaya mbili kwa wachapishaji wawili, huku akihariri jarida. Pickwick ilipokwisha hakupumzika. Aprili 1838 alianza Nicholas Nickleby wakati Oliver Twist bado haijamalizika.

Aliwezaje? Jambo moja lililo wazi ni kwamba hadithi zile mbili za kwanza hazikufanana hata kidogo. Pickwick ni ya vichekesho, ya wazee wanaosafiri na kuingia katika mikasa. Oliver Twist ni ya mtoto yatima, njaa na wezi wa London. Ni vigumu mhusika wa huku kutorokea kule kama Zawadi wangu, kwa maana hata hewa ya humo ni tofauti.

Lakini usidhani kwamba mambo yalimwendea shwari. Mwezi wa Mei 1837 shemeji yake, Mary Hogarth, msichana wa miaka 17 aliyekuwa akiishi nao, alifariki ghafla nyumbani kwao. Dickens alihuzunika mno, kalamu ikamshinda. Mwezi wa Juni haikutoka sehemu ya Pickwick wala ya Oliver Twist. Wasomaji wa hadithi zote mbili waliachwa wakingoja. Mtu mwenye kazi mbili, msomaji, msiba ukibisha hodi humkuta na madeni mawili.

Tena kulikuwa na ahadi nyingine. Mnamo 1836 alikuwa ameahidi riwaya ambayo baadaye iliitwa Barnaby Rudge. Ilimganda kwa miaka, ikamletea ugomvi na mchapishaji, na haikutoka hadi 1841. Kuahidi ni rahisi, kwa kuwa mtu huahidi kwa ulimi lakini hulipa kwa usiku wake.

Mtumishi wa posta na saa yake

Wa pili ni Anthony Trollope, Mwingereza pia, na huyu atawapendeza wale wenu wanaoandika huku wameajiriwa. Trollope alifanya kazi katika Idara ya Posta kuanzia 1834 hadi 1867. Hakungoja kustaafu ndipo aandike. Kufikia mwisho wa maisha yake mnamo 1882 alikuwa ametunga riwaya 47, mbali na vitabu vya safari na vinginevyo.

Siri yake aliieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1883, baada ya kifo chake. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 zaidi kila mwaka kwa kazi moja tu, kumwamsha na kumletea kahawa. Aliweka saa mbele yake na kujitakia maneno 250 kila robo saa. Tena alikuwa na daftari ambamo aliandika idadi ya kurasa za kila siku. Siku aliyozembea ilimkodolea macho kutoka katika daftari hilo, naye akaona haya.

Kazi ya posta ilimsafirisha sana kwa gari la moshi. Badala ya kusinzia, alijitengenezea kibao cha kuandikia magotini, akaandika kwa penseli. Sehemu kubwa ya riwaya yake ya Barchester Towers iliandikwa hivyo, na mkewe ndiye aliyeinakili baadaye. Mnamo 1858, akiwa safarini Misri kwa kazi ya posta, alimaliza riwaya ya Doctor Thorne, na siku iliyofuata akaanza nyingine, The Bertrams.

Unaona alichokifanya? Mtu huyu alikuwa na kazi nyingi maishani, ila asubuhi yake ilikuwa na kitabu kimoja. Aghalabu kikiisha hiki, ndipo kinaingia kile. Mlango ni mmoja, wageni ni wengi, lakini wanaingia kwa foleni.

Mtu wa Kilungu

Wa tatu ni wa kwetu. David Maillu alizaliwa Kilungu, Ukambani, mnamo 1939. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomea. Alifanya kazi ya uchoraji katika Sauti ya Kenya, na mapema katika miaka ya 1970 akafanya jambo ambalo waandishi wachache hapa kwetu walithubutu kulifanya wakati huo. Alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, ili ajichapishie vitabu vyake.

Vitabu vilifuatana kama magari ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni. 1973 kulikuwa na Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle. 1974 kikaja After 4.30. Mnamo 1975 akaanza kutoa The Kommon Man, utungo mrefu wa sehemu tatu. Vilikuwa vitabu vya bei nafuu vilivyozungumzia mambo ya mjini: pombe, ofisi, pesa na mapenzi. Wazazi wengi wa miaka ile walivikemea, na si wachache kati yao waliovisoma kwa siri. Wahakiki wa chuo kikuu waliviona vichafu, lakini vilinunuliwa kama maandazi ya asubuhi.

Kisha likaja pigo. Mnamo 1976 serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Comb Books, na soko la ng'ambo ya mpaka likafungwa. Kabla ya muongo huo kwisha, kampuni ile ilikuwa imeanguka.

Hapa ndipo ninapotaka utulie kidogo, msomaji. Mwandishi anayejitegemea akifilisika, hana wa kumlilia. Mtu mwenye aina moja tu ya kazi angekuwa amekwisha. Maillu hakuwa na aina moja. Mnamo 1980 riwaya zake mbili zilitoka katika mfululizo wa Pacesetters wa kampuni ya Macmillan. Moja, For Mbatha and Rabeka, ni ya mapenzi. Ya pili, The Equatorial Assignment, ni ya jasusi Benni Kamba 009. Halafu alirudi kujichapishia tena kwa jina lake.

Katika miaka iliyofuata utamwona akiandika huku na huku. The Ayah, riwaya ya yaya, ilitoka 1986. Our Kind of Polygamy, kitabu cha hoja kuhusu ndoa ya wake wengi, kilitoka 1988. Without Kiinua Mgongo, chenye kuchanganya Kiswahili na Kiingereza, kilitoka 1989. Na mnamo 1991 akatoa Broken Drum, riwaya nene yenye kurasa zaidi ya 1,000. Zaidi ya hivyo alitunga vitabu vya watoto, na uchoraji hakuuacha.

Unaweza kumpenda Maillu au usimpende. Lakini huwezi kukana kwamba kazi nyingi ndizo zilizomwokoa. Shamba la mahindi lilipokauka, mihogo ilikuwa ardhini.

Githeri na ugali

Basi tukusanye. Dickens anatuonya tusiahidi kupita kiasi. Trollope anatufunza kitabu kimoja kwa asubuhi moja. Maillu anatuonyesha kwamba kazi nyingi ni akiba. Je, maneno haya hayapingani?

Hayapingani. Nililielewa jambo hili jikoni, si maktabani. Jumapili moja nilikuwa nikipika. Jiko moja lilikuwa na githeri inayotokota tangu saa nne. Unga ulikuwa umechekechwa tayari. Sukuma wiki ilikuwa imekatwa, inangoja. Chai ilikuwa katika chupa, watu wanakunywa. Vitu vinne vilikuwa vinaendelea, na sikuwa nimechoka. Lakini nilipoanza kusonga ugali, mikono yote miwili ilikuwa kazini, na mtoto aliponiita nilimwambia angoje. Hakuna binadamu anayesonga ugali sufuria mbili kwa wakati mmoja.

Kazi za uandishi ndivyo zilivyo. Kila kitabu hupita hatua nne. Kwanza ni kukusanya: kusoma, kuuliza watu, kuandika vijisehemu daftarini. Pili ni kuandika rasimu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tatu ni kuulaza mswada wiki kadhaa, kisha kuusahihisha kwa macho mapya. Nne ni wakati kitabu kiko mikononi mwa wengine: mhariri, mchoraji, mpiga chapa, wauzaji.

Hatua ya kwanza, ya tatu na ya nne ni githeri. Unaweza kuifunika, ukaondoka, ukarudi kukoroga. Hatua ya pili ni ugali. Inataka mikono miwili. Kosa langu la mwaka ule halikuwa kazi tatu. Kosa lilikuwa rasimu tatu. Zote zilitaka kusongwa, nami nina mwiko mmoja.

Nilivyojipanga upya

Mwaka uliofuata nilijaribu tena, kwa sharti moja tu: rasimu isizidi moja. Riwaya ilipokuwa ikiandikwa, kitabu cha watoto nilikuwa nakikusanyia visa, na makala za zamani nilizotaka kuziweka pamoja zilikuwa kwa mhariri. Mtu aliponiletea kazi ya mchezo, nilimwuliza kwanza anautaka lini. Nilipoona tarehe yake inagongana na rasimu yangu, nilikataa. Kukataa pesa huku kodi ya nyumba inakaribia si jambo dogo, lakini nilikumbuka ile stakabadhi juu ya meza.

Nilinunua daftari la kawaida la kurasa 96. Ukurasa mmoja nilichora mistari nikaandika: jina la kazi, hatua iliyofikia, siku ya kukamilika, malipo yaliyoingia, malipo yaliyobaki. Siku ya kukamilika niliyoiandika haikuwa ile ya mteja. Ilikuwa wiki mbili kabla yake. Wiki hizo mbili ni za malaria ya mtoto, stima kupotea, na msiba wa kijijini. Mambo hayo hayatumi barua kwamba yanakuja.

Kila mswada niliupa orodha ya wahusika wake, nikaibandika ndani ya jalada. Zawadi akijaribu kuvuka tena, atakamatwa mpakani. Na kila nilipoacha kuandika, niliacha sentensi moja ya kunikumbusha: "Kesho, mjomba anarudi kutoka Mombasa na uongo wake." Ukirudi baada ya siku tatu, sentensi hiyo hukuokolea nusu saa ya kujikuna kichwa.

Wanafunzi, hesabu hii ni yenu. Mtu akiandika maneno 300 tu kwa siku, siku tano kwa wiki, ana maneno 1,500. Kwa wiki 40 ana maneno 60,000, na hiyo ni riwaya. Maneno 300 ni kama ukurasa mmoja na kidogo. Hayahitaji mtu kujifungia hotelini. Yanahitaji asiyahamishe leo kuyapeleka kesho.

Riwaya yangu ilikwisha mwezi wa Septemba. Nilipiga chapa nakala 300, na sitakudanganya, 41 zingali chini ya kitanda. Lakini zilizouzwa zililipa mpiga chapa, zikalipa muhula mmoja wa karo, na nikamrudishia baba watoto pesa za chama chake. Alizihesabu mara mbili, akatabasamu, akasema, "Sasa andika kingine."

Nyumba ijue

Jambo ambalo waandishi hatulisemi sana ni kwamba kitabu kimoja huandikwa na nyumba nzima. Mkewe Trollope alinakili miswada. Nyumbani kwa mwandishi mwingine, mume ndiye anayewaosha watoto, mama mkwe ndiye anayekaa nao Jumamosi, na mtoto mkubwa ndiye anayewanyamazisha wadogo kwa sababu "Mama anaandika". Watu hawa wana haki ya kujua kinachoendelea.

Kaeni kikao. Wambie ni kazi ipi iko motoni, itakwisha lini, na italeta nini. Kama haitaleta pesa, sema hivyo waziwazi. Familia huweza kuvumilia umaskini wa miezi sita kwa ajili ya kitu inachokifahamu. Isichoweza kuvumilia ni mtu anayekesha kila usiku kwa miaka minne bila kumaliza chochote. Mtoto wangu wa pili aliwahi kuniuliza, "Mama, kile kitabu chako kitaisha mimi nikiwa darasa la ngapi?" Nilikosa jibu. Ilinibidi nilitafute.

Tena weka siku moja ya juma isiyo na kalamu. Kwetu ni Jumapili alasiri. Hata mswada uwe mtamu namna gani, siku hiyo hulala.

Mambo madogo yasiyosahaulika

Kabla sijaaga, nikukumbushe machache ya ofisini, kwa maana mwenye kazi nyingi huyasahau kwa urahisi.

Kazi ya kuagizwa usiianze bila maandishi, hata yawe karatasi moja yenye sahihi mbili. Yaseme kiasi cha malipo, tarehe, na mwenye haki ya kuichapisha tena. Maneno ya simu huenda na upepo. Mimi binafsi nimewahi kukiona kijitabu nilichokitafsiri kikiuzwa chapa ya pili, na jina langu halimo. Sikuwa na karatasi, sikuwa na la kusema.

Kitabu unachojichapishia kipatie nambari ya ISBN, ambayo hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa. Kazi yako unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hivyo ile riwaya unayoiandika kwa taa ya simu huenda ikawalisha wajukuu. Weka karatasi zake mahali pamoja, na umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali hapo.

Mwisho, pesa za kila kazi ziandike mbali mbali. Mchezo usilipie karatasi za riwaya bila wewe kujua. Wengi hudhani riwaya yao inawapa faida, kumbe inakula jasho la tafsiri.

Leo ni Jumapili, msomaji. Huenda nawe una daftari tatu kabatini, moja lina shairi lililokatika, la pili lina sura nne za hadithi, la tatu lina maisha ya babu yako uliyoanza kuyaandika likizo iliyopita. Usizitupe na usizionee haya. Zitoe zote, uziweke mezani, uandike juu ya kila moja imefika hatua gani. Kisha chagua moja ya kusonga. Hizo nyingine zifunike vizuri. Hazitaungua.